Utepe wa Nane

Barua ya kasri ilifika Jumatatu asubuhi, fupi kama kawaida yake. Zilitakiwa tepe za hariri ya rangi ya waridi, nane, ziwe tayari kabla ya siku ya kutawazwa mfalme mpya. Hapakuwa na majina wala maelezo. Niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa, kisha nikampelekea shangazi Keziah mezani kwake na kumwambia karani wa kasri amekosea.

"Amekosea nini?"

"Ameandika nane."

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa aproni, akaivaa tena. Aliisoma barua ile polepole huku midomo ikimcheza. Halafu akaniangalia mimi, si barua.

"Kasri wanaweza kukosea mengi, Thirza," alisema. "Hili hawakosei."

Ukoo wa mfalme ulikuwa na wanawake saba wenye kuvaa nishani ya kifamilia inayoning'inia kwenye tepe zetu, na mimi niliwajua wote kwa mabega. Yupo ambaye bega lake limeteremka, utepe hauna pa kushika. Yupo mwenye mfupa uliochomoza, ambaye usipomwekea pamba chini pini itamchoma karamu nzima. Ledi Marlesham, binamu wa mfalme, bega lake lilinyooka kama rafu, ungeweza kulitundikia chochote. Nishani zenyewe hazikuwa kazi yetu. Sura ya mfalme ilichorwa kwingine, juu ya kipande cha pembe ya ndovu kisichozidi yai la njiwa, na sonara akaizungushia almasi na kuiwekea taji. Sisi tulitengeneza utepe wa kuining'inizia bega la kushoto, wenye masikio mawili na mikia miwili kama fundo la kamba ya kiatu, wa hariri ile inayopita mawimbi kama maji ya bakuli ukilitikisa. Anayeutazama kwa mbali huona kitu kidogo cha kike. Anayeukunja anajua kwamba mawimbi ya sikio la kulia yakikataa kukutana na ya kushoto, unafumua na kuanza upya.

Wanawake wa kwetu walikuwa na kazi hiyo tangu tepe zilipokuwa nyeupe, enzi za yule mfalme mnene aliyeipenda sura yake hata akawagawia watu waivae, wanaume kwa wanawake, mpaka baadaye ikabaki ya wanawake tu. Malkia aliyetawala miaka mingi aliuacha weupe uleule, ila akaweka sura yake pamoja na ya mumewe, na akaigawa nishani madaraja manne. Wa daraja la kwanza walipata almasi. Wa nne hawakupata hata sura, ni herufi tu zilizopangwa kwa lulu na vito, ili kila mwanamke ajue anapendwa kiasi gani. Mwanawe akaleta buluu yenye ukingo mwekundu na wa manjano, mjukuu akaleta buluu ya kupauka, na sasa ilikuwa zamu ya waridi. Mwenye bahati ya kuvaa nishani za wafalme wawili humpandisha mfalme mpya juu, na wa zamani huteremka chini yake. Vipande vya rangi zote hizo shangazi alivitunza kwenye droo, na akiwa na furaha alivitoa akaviangalia.

Jumatatu ile hakufungua droo.

Jambo moja kuhusu nishani ile ni kwamba haitangazwi. Haitoki gazetini wala haisomwi mbele ya watu. Ni zawadi ya mfalme kwa jamaa zake wa kike, na ulimwengu hujua siku mwanamke anapoingia karamuni na utepe begani. Kabla ya hapo wanaojua ni kasri, sonara, na mimi na shangazi yangu, kwenye chumba chetu cha ghorofa ya pili nyuma ya duka la vinanda huko Soho. Kwa hiyo mwanamke wa nane alikuwepo, na kwa kuwa hakuna msichana wa ukoo aliyefikia umri wa kuivaa, alikuwa anaingia kwenye ukoo kwa mlango wa ndoa. Wanaume wa ukoo ule ambao bado walitarajiwa kuoa walikuwa wawili. Mmoja alikuwa na miaka kumi na mmoja. Wa pili alikuwa Piers wangu.

Nasema wangu. Kwa miaka miwili nilikuwa nikilisema neno hilo kimoyomoyo, na hakuna aliyenikataza.

Alikuja mara ya kwanza na utepe wa bibi yake uliotafunwa na mbwa. Nilikuwa na pini sita mdomoni, siwezi kumjibu, naye akazungumza saa mbili nzima juu ya mbwa yule, juu ya bibi, juu ya shule aliyoichukia, huku akinitazama mikono. Mwishowe akasema mimi ndiye mtu wa kwanza kumwacha amalize sentensi zake. Nikatema pini nikacheka. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi, siku tunayofunga saa saba mchana, tulikutana kwenye mgahawa mmoja wa chai Kentish Town ambako watu wa aina yake hawakanyagi. Alikuwa mtoto wa tatu wa Lodi Marlesham, mpole, mwenye macho ya kijivu yanayokaa juu ya uso wako mpaka unasahau ulikuwa unasema nini. Alisema atamwambia baba yake. Mwanzoni alingoja Krismasi ipite, halafu mfalme wa zamani akaugua, halafu akafa. Mwisho tulikubaliana kungoja kutawazwa.

Nilijua anakawia. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, sikuwa mtoto. Lakini mtu akikutazama vile, unampa siku nyingine, na nyingine.

Jioni ile shangazi hakunizungusha.

"Utamuuliza?"

"Simuulizi."

"Ukimuuliza utakuwa umesema kilichomo kwenye barua ya kasri. Watajua neno limetoka wapi. Mimi nina miaka sitini na nne, Thirza, na sijui kitu kingine chochote duniani isipokuwa utepe."

Nilimwahidi. Akanimiminia chai, akaweka vijiko vitatu vya sukari kama alivyokuwa akinifanyia nilipokuwa mdogo na nimeanguka. Siku zote alikuwa akimpinga Piers, na alikuwa na neno lake moja ambalo nililichukia. Safari hii alilisema kwa upole.

"Mtu anayekupenda Alhamisi tu, mwanangu, ana siku sita za kuwa wa mwingine."

Alhamisi nilimkuta ameshafika. Ameagiza chai ya watu wawili na mkate wa kuchoma, siagi imeshaganda juu yake. Alisimama, akanivua koti, na mkono wake ukakaa begani kwangu muda mrefu kuliko kawaida. Aliniambia nimechoka. Nikamjibu kazi ni nyingi.

"Ya kutawazwa?"

"Ya kutawazwa."

Alianza kukoroga chai yake. Piers hatii sukari kwenye chai. Nilikitazama kijiko kile kikizunguka.

"Wamewaagiza tepe ngapi?" aliuliza.

"Unajua siwezi kusema."

"Najua." Aliweka kijiko chini kwa uangalifu, kama kingeweza kuvunjika. "Nilijua utahesabu, Thirza."

Sikumwelewa papo hapo. Niliona kwanza jinsi alivyokuwa hanitazami, yeye ambaye kazi yake ilikuwa kunitazama. Ndipo maneno yakanifikia. Alijua. Nilimuuliza tangu lini, akasema wiki tatu. Kwa hiyo Alhamisi tatu alikuwa amekaa kwenye kiti kile, amekula mkate, amenishika mkono chini ya meza, amenisindikiza hadi kwenye tramu, huku akingoja kasri watume barua.

"Uliiachia hesabu ya tepe iniambie."

"Nilijaribu. Kila wiki nakuja na maneno yangu yote. Ukiingia mlangoni yananipotea."

"Basi yatafute. Nataka kuyasikia kwa mdomo wako."

"Thirza, tafadhali."

"Ana jina?"

"Sybil. Sybil Harcastle."

"Ana miaka mingapi?"

"Ishirini."

"Unampenda?"

"Nimekutana naye mara nne."

"Sijakuuliza mara ngapi."

"Hapana," alisema. "Simpendi." Alilisema kama mtu anayekabidhi zawadi, na aibu iliyoje, niliipokea. Moyo wangu ulirukaruka kwa neno lile kama mjinga.

Alinieleza mengine yote, na nilimsikiliza kwa sababu nilikuwa nimezoea kumsikiliza. Kaka yake mkubwa hana mtoto, na daktari amesema hatapata. Wa pili alianguka na farasi, hatatembea tena wala hataoa. Baba yake alimwita maktabani, akamwambia jina la msichana, akamwambia mfalme ameshatoa idhini, na tangazo litatoka wiki ile ya kutawazwa ili shangwe iwe moja. Nikamuuliza kwa nini hakukataa. Alifikiri kwa muda. Hilo nampa sifa yake, alifikiri kweli.

"Ningeishije?" alisema. "Sijui kufanya kazi yoyote. Bila wao mimi ni nani?"

"Ungejifunza kukunja utepe."

Alicheka, nami nikacheka. Kwa dakika moja tulikuwa sisi wenyewe, watu wawili wenye chai iliyopoa. Halafu nilijisikia nalia, na mama mwenye mgahawa akageukia ukutani kwa heshima na kuanza kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

Piers alinishika mikono yote miwili. Alisema hakuna kitakachobadilika kati yetu. Amepata nyumba Pimlico, vyumba viwili, dirisha linaingiza jua la asubuhi, na kodi yake imeshashughulikiwa. Itakuwa yangu. Nikitaka kuendelea na kazi nitaendelea, nikichoka nitapumzika. Alhamisi zetu zitabaki Alhamisi zetu, na huenda tukapata na siku nyingine.

"Nani anajua habari ya nyumba hiyo?"

"Mama."

"Mama yako anajua kuhusu mimi?"

"Hana neno. Alisema tu heshima ichungwe."

Niliitoa mikono yangu. Miaka miwili nilikuwa nikiiogopa siku ambayo Ledi Marlesham atajua. Nilijitayarisha kwa matusi, kwa machozi, hata kwa kufukuzwa mlangoni. Kumbe alikuwa hana neno. Sijawahi kudharauliwa kama nilivyodharauliwa pale, na aliyenidharau hakuwepo hata chumbani.

"Unajua hariri huchoka," nilimwambia. "Kila baada ya miaka mitatu minne utepe unakwajuka, inabidi ubadilishwe. Mkeo atakuja kwetu. Nimpime bega asubuhi, mchana nije kwako?"

Uso wake ulikuwa mweupe, na mzuri, na ningeweza kuufuta majonzi kwa kiganja kimoja tu. Ndicho nilichokuwa nataka kufanya. Nilivaa koti.

"Usinijibu leo," alisema haraka. "Alhamisi ijayo nitakuwa hapa saa tisa. Ukija, nitajua. Usipokuja, nitajua pia."

Hata hilo alitaka lijibiwe bila mtu kusema neno.

Nilirudi Soho kwa miguu. Nisidanganye, sikutembea kama mwanamke mwenye msimamo. Nilipofika daraja la mfereji nilikuwa nimeshakasirika kiasi cha kumwombea mabaya. Nilipofika Mtaa wa Euston nilikuwa nawaza mapazia. Ya manjano, kwa ajili ya lile jua la asubuhi. Niliona birika langu juu ya jiko, niliona viatu vyake chini ya kiti, na nilijiambia kwamba wanawake wengi wenye pete hawapati hata hayo.

Siku zilizofuata nilishona tepe saba. Wa nane nilikata hariri yake, nikaiviringisha kwenye karatasi, nikaiweka. Shangazi aliona. Jumanne ikaja barua ya pili. Ledi Marlesham atafika Alhamisi saa nne asubuhi pamoja na msichana wa kupimwa, na gauni litaletwa. Shangazi aliniambia nikae nyumbani siku hiyo, atampima yeye.

"Macho yako hayaoni tena mawimbi," nilimwambia, nalo lilikuwa kweli.

"Nitapapasa."

"Nitampima mimi."

"Kwa nini ujitese?"

Sikujua kwa nini. Nadhani nilitaka kumwona ili nimchukie. Ningemchukia vizuri, safari ya Kentish Town saa tisa ingekuwa nyepesi.

Walikuja saa nne kamili. Ledi Marlesham alinitazama kuanzia viatu hadi nywele, bila haraka wala ubaya, kama mtu anayekagua chumba cha mgeni kuona kama kimefagiliwa. Kisha akanisalimu habari ya asubuhi. Nyuma yake alisimama msichana mrefu, mwembamba, mwenye madoadoa ya jua puani na glavu zinazombana. Nilikuwa nimejiandaa kuona mrembo, na kukosa urembo wake kulinitatiza.

Nilipoanza kufungua boksi la gauni, Bi Sybil akasema kwa sauti ndogo kwamba anaona haya kuvua mbele ya watu. Je, Ledi Marlesham hangependa kuonyeshwa zile rangi za zamani? Ledi Marlesham alitutazama, yeye kisha mimi. Halafu akasema ndiyo, angependa, na shangazi hakuwa na la kufanya ila kumpeleka chumba cha pili kwenye droo yake. Mlango ukafungwa.

Gauni lilikuwa la kitambaa chepesi kama moshi. Kitambaa cha namna hiyo hakibebi nishani, kitachanika kabla mchuzi haujaletwa. Kwa hiyo nilimshonea kipande cha pamba kwa ndani, nikabana utepe wa mfano, na chini yake nikatundika kipande cha chuma chenye uzito sawa na nishani yenyewe, tunachotumia kwa kupimia. Bega lake lilikuwa la baridi. Alinitazama kupitia kioo. Nilikuwa na pini mdomoni.

"Wewe ndiye Thirza," alisema.

Nilizitoa pini moja baada ya nyingine nikazichomeka kwenye kimto cha pini.

"Ndiyo, Bi Sybil."

"Ledi Marlesham aliniambia. Alisema afadhali nijue mapema, nisije nikashtuka. Alisema wanaume wa kwao wote huwa na mtu, na ukinyamaza mambo huisha yenyewe."

"Na Bwana Piers alikwambiaje?"

"Yeye hajaniambia kitu. Nadhani anangoja niambiwe na mtu mwingine."

Macho yetu yalikutana kwenye kioo, na nusura tucheke, sote wawili. Hapo ndipo chuki yangu iliponitoka mikononi. Nilikuwa nimeibeba wiki nzima, nimeitunza, na mtu niliyemtunzia alikuwa amesimama mbele yangu akimjua Piers kama ninavyomjua mimi, baada ya kukutana naye mara nne.

"Sikuja kukugombeza," alisema. "Ningekataa kama ningekuwa na pa kwenda. Baba ameshamwandikia kila mtu. Mama amelia kwa furaha siku tatu." Alijaribu kutabasamu, akashindwa. "Nina swali moja. Yeye siwezi kumuuliza, atanijibu la kunifurahisha. Wewe utaniambia kweli?"

"Uliza."

"Imekwisha?"

Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na nusu. Vyumba viwili vilikuwa Pimlico vinaningoja, na jua la asubuhi ndani yake. Nilijua kwamba nikisema imekwisha ataamini, na nikisema bado ataamini vilevile, na kwa vyovyote atavaa gauni lile na kusimama pembeni ya mume wangu. Ndiyo, ndivyo nilivyowaza, mume wangu. Ningeweza kumdanganya na saa tisa nikaenda. Nani angenilaumu? Ledi Marlesham asingekuwa na neno. Lakini nilikuwa na mkono juu ya bega lake. Nilikuwa nahisi mfupa wake ukipanda na kushuka kwa kupumua. Nikajua kwamba nikimdanganya nitakuja kulishika bega hili tena baada ya miaka mitatu, na tena baada ya mitatu mingine, maisha yangu yote, na kila mara litaniuliza swali lilelile.

Na nilimpenda Piers. Hilo nalo nililijua. Nilimpenda pale pale, na woga wake wote.

"Imekwisha, Bi Sybil."

"Tangu lini?"

"Leo."

Alifumba macho. Hakusema asante, na kwa hilo nilimshukuru. Alisema, "Nisamehe," kisha machozi yakaanza kumteremka kimyakimya. Hariri ile ikidondokewa na maji hupata waa lisilotoka. Kwa mkono mmoja niliinua utepe nisije nikauharibu, na kwa mkono wa pili nikamfuta uso. Tulikaa hivyo kitambo. Mlango ulipofunguliwa nilikuwa nimeshamgeuza mgongo na kuanza kumfungua vifungo vya gauni.

Ledi Marlesham alisema rangi za zamani zinapendeza. Aliuliza kama kila kitu ni sawa. Bi Sybil akajibu kila kitu ni sawa.

Saa saba tulifunga. Shangazi alivaa kofia yake, akachukua mwavuli, akasimama karibu na mlango akinitazama nikikunjua ile karatasi na kuitandaza hariri ya waridi juu ya meza.

"Leo ni nusu siku, Thirza."

"Najua."

Alivua kofia, akasogeza kiti chake hadi upande wangu, akaanza kunitungia nyuzi kwenye sindano. Kwa macho yale ilimchukua dakika nyingi kila moja. Saa tisa ililia, na mikono yangu ikasimama, nikaiangalia mpaka ikaanza tena. Saa tisa na nusu nilikosea mawimbi nikafumua. Saa kumi nilikosea tena. Nilijua bado ameketi pale, kwa sababu Piers ni mtu wa kungoja, na nilijua angengoja hadi mama mwenye mgahawa amwombe radhi azime jiko. Ningeweza kuwahi tramu. Hadi saa kumi na moja ningeweza kuwahi.

Nilishona mpaka taa za mtaani zikawashwa. Utepe ule wa nane ulitoka mzuri kuliko zote saba. Shangazi alisema hivyo mwenyewe, na shangazi yangu hakuwa mtu wa kusifu.